MBA ya mwaka mmoja ama ya miaka miwili kwa mtu anaehama hoteli? Nipeni akili jamani

#1 KijanaWaMaweni (mleta uzi)

Salaam aleikum, na kwa wengine hamjambo. Naleta hii hapa kwa sababu kila nikiuliza nyumbani naambiwa "wee soma tu, elimu haiozi" na hilo halinisaidii kuchagua. Niko Malindi, kazi yangu iko Watamu, hoteli. Nilianzia risepshoni, sasa ni msaidizi wa menija wa front ofisi. Digrii yangu ni ya ualimu, Historia na Kiswahili, nilimaliza ajira ikawa haionekani nikaingia hoteli kwa kuwa Kitaliano nakizungumza, si mwajua Malindi hata muuza vinyago anakukatia bei kwa Kitaliano. Hoteli imenilea sikatai, ila nimechoka na hii habari ya kila mwaka masika yakianza wageni wanakwisha, hoteli inafunga ama inabaki na watu wachache, sisi wengine twaambiwa nendeni likizo bila malipo mpaka mtakapoitwa, na mwenye nyumba yeye hana lo sizini. 2020 ndio hata sikwambii.

Nataka nihamie lojistiki, mambo ya mizigo na ugavi, ama upande wa hesabu katika kampuni za aina hiyo. Umri 34, mke, watoto wawili, mkubwa yuko gredi ya 3.

Njia ninazoziona ni mbili. Moja MBA (mastaa ya biashara) ya mwaka mmoja Uingereza, fultaimu, na hiyo ni nikipata skolashipu maana bila hiyo ni ndoto. Ya pili MBA ya hapa Kenya miaka miwili, madarasa ya jioni na wikendi, mengine onlaini, naendelea na kazi. Mke wangu asema nenda huo mwaka mmoja urudi, mamangu asema nisiende popote. Mie naona mwaka unapita upesi, na hapa petu twajua miwili huwa haiwi miwili. Nyinyi mliohama kazi, ule urefu una faida ama ni kuzeeka darasani tu?

#2 Kaskazi_Hoyee

Mwaka mmoja bila kufikiri. Miaka miwili karo utalipa na nini na hoteli imefunga?

#3 MbaliNaBahari

Kaka wa Maweni usikimbilie. Mie mzaliwa wa Malindi niko Chicago, nilihama kutoka uhandisi kwenda fedha kwa MBA ya miaka miwili kwa hivyo hili jambo nalijua kwa ndani. Watu wanahesabu miezi hawaangalii ndani ya hiyo miezi mna nini.

MBA ya huku Marekani mwaka wa kwanza ni misingi: hesabu za kampuni, fedha, masoko, takwimu, namna ya kuongoza watu. Kisha inakuja likizo ya kiangazi, Juni mpaka Agosti, wiki kumi hivi, na hapo kila mtu anaingia kampuni kama intani. Wanakuangalia na wewe unawaangalia, ukiwapendeza unarudi mwaka wa pili ofa iko mfukoni. Kwa mtu anaepanda cheo ndani ya kazi ileile hizo wiki kumi si lolote. Kwa mtu anaehama, zile wiki kumi ndio digrii yenyewe, madarasa ni kitoweo tu, kwa sababu pasi na hapo sivii yako inasema "mwalimu, hoteli, MBA" na anaeajiri anauliza huyu amewahi kufanya hii kazi wapi.

Sasa ya mwaka mmoja. Unafika Septemba, hujajua hata duka la mchele liko wapi, kampuni kubwa zimeshafungua maombi ya kazi za mwaka unaofuata. Unaulizwa kwenye intavyuu kwa nini wataka kuhamia huku na hujasoma hata somo moja la huko. Anaejua anapokwenda na ana mtu wa kumpokea, hiyo inamfaa sana, anaokoa mwaka mzima wa mshahara. Anaetafuta mlango itambana.

Mfano mzuri ni shule ya biashara ya INSEAD kule Fontainebleau, Ufaransa, na Singapore, MBA yao ni miezi 10. Wanaingiza watu mara mbili kwa mwaka. Wanaoanza Januari wanapata kama miezi miwili ya kiangazi katikati kwenda intanshipu, wanaoanza mwisho wa Agosti hawapati. Shule ni ileile, karo ileile, cheti kilekile, ila kwa anaehama kazi hizo si kosi moja.

Bei sasa, ukae chini kwanza. Harvard karo peke yake inapita dola 70,000 kwa mwaka, zidisha mara mbili, hujala hujalala. INSEAD inapita yuro laki moja. Fupi ni rahisi kuliko ndefu, ila usidhani fupi ni rahisi.

#4 KijanaWaMaweni

Yuro laki moja kaka hapa Malindi najenga apatimenti na kisima juu yake 😂 Hizo tuwachie wenyewe. Mie naiangalia Chevening. Kuna alieipitia?

#5 BintiKibokoni

Mie nimeipitia, nimerudi, nafanya kazi Mombasa. Nitakwambia ukweli wake.

Chevening ni skolashipu ya serikali ya Uingereza na inalipia mastaa ya mwaka mmoja tu, kwa hivyo ukishaichagua suala la fupi ama ndefu limeshajijibu. Wataka digrii na uzoefu wa kazi wa miaka miwili, yaani saa 2,800, hizo unazo na zaidi. Maombi hufunguliwa Agosti. Kisha kuna mambo watu hawayasomi vizuri. Kwanza, kwa MBA wana kiwango cha juu cha karo wanacholipa na zile MBA zenye majina zinakipita, kinachobaki unajazia wewe. Pili, ukimaliza lazima urudi nyumbani ukae miaka miwili, kwa hivyo yule anaekwambia utapata Graduate visa ubaki Uingereza kutafuta kazi, hiyo si yako. Tatu na hili ndio mwambie shemeji mapema: tangu Januari 2024 mwanafunzi wa mastaa ya darasani Uingereza haruhusiwi kuleta mke na watoto, isipokuwa anaelipiwa na serikali, na Chevening nayo haigharamii familia. Kama huna pesa zako za kuwalipia, huo mwaka mmoja ni wa peke yako.

Na mbona ni lazima MBA? Mtu wa lojistiki kule anasomea MSc ya lojistiki na ugavi, Cranfield kwa mfano wanayo, mwaka mmoja pia. MBA inakufundisha kusimamia watu wa kila idara, inafaa zaidi aliekwisha kusimamia kitu katika fani yake. MSc inakuingiza ndani ya kazi yenyewe: ghala, stoku, makisio, mikataba ya usafiri. Wee fani huna bado. Mie nilisoma MSc na nilipoingia intavyuu Mombasa sikuulizwa uongozi, nilipewa laptopu yenye faili la Excel la stoku na nikaambiwa onyesha vitu gani vitakwisha kabla meli nyingine haijafika. Darasani tulikuwa tumefanya hilo mpaka tukachoka.

Ila hata mie kazi haikuja kwa MSc. Ilikuja kwa sababu kabla sijaondoka nilikuwa nimefanya atachimenti kwa wakala wa meli na waliponiona tena walinikumbuka.

#6 Kaskazi_Hoyee

Kumbe wote mwasema intanshipu tu sasa digrii ya nini 😅

#7 MzeeWaMizigo

Vijana hamjambo. Mie nimefanya kazi za mizigo Mombasa mpaka nikastaafu, sasa niko Mambrui na minazi yangu. Huyu mtoto alouliza digrii ya nini ameuliza la maana.

Mwanangu wa Maweni, mwenye kampuni ya kliaringi na fowadingi (wanaotoa mizigo bandarini) haajiri cheti cha ukutani. Nikupe hali moja ya kawaida kabisa. Kontena limeshuka usiku. Invoisi yasema katoni 400, pakingi listi yasema 380. Afisa wa forodha amesimamisha entri (makaratasi ya kutolea mzigo). Siku za bure zinahesabika, zikiisha bandari yaanza kuchaji stoo na mwenye meli nae anachaji dimareji ya kontena lake, tena kwa dola. Mwenye mali yuko Eastleigh anapiga simu kila nusu saa akitukana. Ajent wa kweli hapo ashajua barua gani inaandikwa, inapelekwa dirisha gani, na katoni 20 zimekwenda wapi (mara nyingi hazikwenda popote, mtu alotaipu ndie alokosea). Hilo halifundishwi katika MBA, iwe ya mwaka mmoja ama saba.

Kuna kosi inaitwa EACFFPC. Ni cheti cha forodha na usafirishaji cha Afrika Mashariki, kimewekwa na mamlaka za mapato za nchi zetu pamoja na FEAFFA, shirikisho la mawakala. Hapa Kenya kinasomeshwa KESRA, chuo cha mambo ya kodi, na Mombasa wako. Ni kifupi kuliko hizo zote mnazozitaja. Ukitaka upande wa ununuzi na ugavi kuna mitihani ya kitaaluma ya CPSP na chama chao KISM. Anza na hizo, MBA itakungoja, haina miguu.

Na mtu akikwambia uende Lamu bandari mpya: gati ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021, sasa ziko tatu, mpango ni 32. Inshallah itakua. Ila kazi za makaratasi nyingi bado ziko Mombasa, mtu asihame nyumba kwa sababu ya ramani.

#8 KijanaWaMaweni

Shikamoo mzee. Hili sikulijua kabisa, hiyo EACFFPC hata jina ndio nalisikia leo. Lakini nisije nikatoka msaidizi wa menija hoteli nikaenda kuwa kijana wa kubeba makaratasi na umri ndio huu?

#9 MzeeWaMizigo

Marahaba mwanangu. Utabeba. Kwa muda. Wote tulibeba.

#10 MbaliNaBahari

Kwa heshima mzee, hapo tutofautiane kidogo. Cheti cha forodha kitamuingiza kazini kweli, lakini mtu wa 34 mwenye watoto akiingia kwa cheti peke yake huenda akabaki kwenye entri miaka kumi, na wanaomsimamia ni watoto wa BCom na MBA. Cheti ni cha kuingilia, digrii ni ya kupandia. Asiache hata kimoja, suala ni kipi kitangulie na nani anailisha nyumba wakati huo.

#11 Msomi_wa_Usiku

Sasa niingie mie wa miaka miwili ya hapa Kenya maana naona hatuna wakili.

Mie ni mwalimu hapahapa Malindi, nilisoma MBA ya wikendi nikawa nateremka Mombasa na matatu ya alfajiri, sasa niko idara ya mikopo ya sako moja. Chuo sikitaji. Miaka miwili kwenye karatasi ni kweli, kosiwaki inakwisha kwa wakati ukiwa unalipa karo kwa wakati. Kinachomaliza watu ni projekti. Mnaingia darasa limejaa, mwaka wa kwanza mko wote, kosiwaki ikiisha kila mtu na supavaiza wake na hapo ndipo uzi unapokatika. Unatuma chapta ya kwanza, kimya. Unapiga simu, "nitumie tena." Unatuma, inarudi na wino mwekundu kwenye koma. Kuna wenzangu kosiwaki wamemaliza zamani na mpaka leo hawana cheti, na mwajiri hana habari na kosiwaki yako.

Dawa yake niliiona kwa dada mmoja darasani. Alichagua mada ya projekti tangu muhula wa kwanza, tena juu ya kampuni aliyotaka kuajiriwa. Kila somo akiandika pepa anaandika juu ya kampuni ileile. Akaenda kuwaomba takwimu, wakamzoea, mahojiano ya projekti yakawa ndio utangulizi wa kazi. Alimaliza wa kwanza na akapata kazi palepale. Kwa mtu anaehama hii projekti tunayoilaani ndio mlango ukiitumia hivyo.

Na jambo jingine hamkulisema, darasa la wikendi limejaa watu wa kazini. Kwetu kulikuwa na watu wa benki, wa kaunti, wa bandari, wa viwanda vya chumvi vya huko Gongoni. Grupu la WhatsApp la darasa mpaka leo nafasi za kazi zinapita pale kabla hazijatangazwa. Uingereza utapata marafiki wazuri sana lakini mmoja yuko Peru mmoja yuko Vietnam.

#12 BintiKibokoni

@Msomi_wa_Usiku hapo kwenye grupu nakubali kabisa, mie hilo nalikosa.

Sasa kaka wa Maweni nimekaa nikafikiri na nimeona kitu kiko mbele yako hukioni. Wee unalalamika hoteli inafunga masika, unakaa nyumbani bila malipo. MbaliNaBahari ametwambia uzuri wa ile miaka miwili ya Marekani ni likizo ya katikati ya kwenda intanshipu. Wewe likizo hiyo unayo kila mwaka! Ukichukua MBA ya hapa ya miaka miwili utapita masika mara mbili ndani yake. Masika ya kwanza omba atachimenti kwa wakala wa mizigo, hata bila malipo maana hoteli nayo haikulipi wakati huo. Ukiwa mwanafunzi una barua ya chuo, na barua ya chuo inafungua milango ambayo mtu mzima akienda mikono mitupu hafunguliwi. Masika ya pili unarudi palepale ama pazuri zaidi. Ukimaliza una cheti na una kazi uliyoigusa.

Hapo urefu una maana. Ukiichukua miaka miwili kisha kila masika ukakaa barazani na kahawa, ni miaka miwili ya bure na bora ungekwenda huo mmoja.

#13 MbaliNaBahari

Wallahi dada umemaliza. Hilo sikuliona.

#14 Kaskazi_Hoyee

Nafuta comment yangu ya #2 lakini suala la karo liko palepale.

#15 Msomi_wa_Usiku

Karo yalipwa kwa muhula si mara moja, hilo ndilo lilinisaidia mie. Na HELB (bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi) wana mkopo wa watu walioajiriwa wanaoendelea na masomo, wauita Jielimishe, ila wanakata kwenye mshahara, sasa ile miezi hoteli haikulipi uwaulize itakuwaje kabla hujatia sahihi.

#16 dogo_wa_watamu

Samahanini wakubwa naingilia. Mie niko hoteli pia, upande wa chakula na vinywaji, nina diploma ya hoteli, KCSE nilipata C. Kuna watu wananipigia wanasema wanatoa MBA ya onlaini ya miezi sita hata kama huna digrii. Je ni kweli?

#17 BintiKibokoni

Mdogo wangu FUNGA SIMU. MBA ni mastaa, na mastaa hapa Kenya inataka digrii ya kwanza. Kwenye KNQF, mfumo wa Kenya wa kupanga ngazi za vyeti, diploma ni ngazi ya 6, digrii ya 7, posgradueti diploma ya 8, mastaa ya 9. Hakuna anaeruka kutoka 6 kwenda 9 kwa miezi sita. Cheti cha nje kisichotambulika ukikipeleka kazini serikalini ama benki wanakirudisha, na siku hizi wanahakiki hata vya watu walioajiriwa zamani.

#18 Msomi_wa_Usiku

Naongezea kwa dogo: usikate tamaa na hiyo C. Digrii moja kwa moja wanataka C+, lakini mwenye diploma nzuri anaweza kuingia kwa diploma yake, na vyuo vingine vinakuhesabia baadhi ya masomo uliyosoma kwa hivyo ile miaka minne inapungua. Ukiuliza chuo uliza hilo kwanza, "mtanihesabia nini", waandike kwenye barua usikubali ya mdomo. Pwani University iko Kilifi hapo si mbali, kawaulize. Na kuna Open University of Kenya, ilipewa hati Agosti 2023, yote ni onlaini na wana digrii ya biashara na ujasiriamali, kwa mtu wa shifti kama wewe hiyo yafaa maana darasa halikungoji saa nane mchana na wewe uko unatandika meza.

Kama ni hesabu unazozipenda kuna CPA (uhasibu) ya bodi ya mitihani ya KASNEB, mitihani Aprili, Agosti na Desemba. Ya Aprili inaanguka hoteli zikianza kulala, soma mwezi wa tatu ukafanye.

#19 dogo_wa_watamu

Ahsanteni sana. Walikuwa washaniomba elfu kumi ya rejista.

#20 KijanaWaMaweni

Jamani nimesoma yote pamoja na mke wangu jana usiku. Yeye alivyofika pale pa Chevening kutogharamia familia alinyamaza kisha akasema "sasa huo mwaka mmoja nani atampeleka mtoto madrasa na mie niko shifti." (Ni nesi.) Basi pale ndipo Uingereza ilipoishia, kwa sasa angalau.

Naona nifanye hivi. EACFFPC nianze nayo mwaka huu kabla ya kitu chochote. MBA ya wikendi niingie intake inayofuata, chuo chochote chenye watu wa lojistiki darasani na projekti isiyozidi adabu. Masika yakija naomba atachimenti. Mzee, mwaonaje?

#21 MzeeWaMizigo

Vyema. Usiifanye EACFFPC na muhula wa kwanza wa MBA kwa pamoja, kimoja kitakufa. Na Kitaliano chako usikizike, hapa Malindi na Watamu wenye hoteli na mikahawa wanaleta mashine na fenicha kutoka Italia, na kila siku kuna mmoja ambae mzigo wake umekwama Mombasa na haelewi anachoambiwa. Mtu anaejua forodha na Kitaliano kwa pamoja simjui hata mmoja upande huu.

#22 KijanaWaMaweni

Mzee hapo umenipa kitu. Suala moja la mwisho, barua ya atachimenti naielekeza kwa HR ama kwa nani?

#23 MzeeWaMizigo

Kwa menija wa oparesheni, kwa jina lake, uulize getini utaambiwa. HR atakuweka kwenye faili. Ipeleke kwa mkono mwezi wa pili, ukingoja Aprili wanafunzi wa vyuo vyote washajaa. Na sivii iwe ukurasa mmoja, hiyo ya Historia na Kiswahili iache lakini iweke chini.

#24 BintiKibokoni

Kwetu menija wa oparesheni anapatikana asubuhi kabla ya saa tatu tu. Ukiikamilisha barua nitumie inbox niipitie.